Nekesa Hasomi Kutaipu

Jumapili jioni, Julai 1996. Jericho, Eastlands.

Baridi ya leo imekataa kabisa kuondoka. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya nyumba zetu kama wapangaji, na jua hatujaliona hata la kuanikia leso.

Nimewasha taa mapema, nikafungua daftari langu.

Mwalimu wetu wa gumbaru, lile darasa la watu wazima, alituambia tuandike angalau kitu kimoja kila siku, ili mkono usisahau. Siku nyingi mimi huandika mambo ya sokoni ninakouza mboga. Sukuma imenyauka. Nyanya zimepondeka. Mvua imetufukuza mapema. Leo nina jambo kubwa, na nisipoliandika sasa, nitaamka kesho nikijiambia kwamba sikulifanya.

Nimemkatalia shemeji yangu. Mbele ya mume wangu. Kwa chakula.

Wacha nianze na Nekesa, kwa sababu yote ni kwa ajili yake. Nekesa ni kifungua mimba wangu. Yuko mwaka wa nne chuo kikuu, anasomea uinjinia wa mashine. Angekuwa anakaribia kumaliza, lakini chuo kimefungwa na kufunguliwa mpaka sisi wazazi tumezoea kumwona mtoto mlangoni na godoro kichwani. Watu wa hapa mtaani wamechoka kuniuliza atamaliza lini. Wengine hawajachoka, bado wanauliza.

Muhula huu wanafundishwa kuchora vitu kwa kompyuta, halafu kuna mashine inayosoma ule mchoro na kukata chuma vile mchoro unavyosema. Nimeandika hivyo haraka kana kwamba nilizaliwa nikijua. Mpaka mwezi jana nilikuwa sijui hata robo.

Hapa kwetu Eastlands, ukisema mtoto wako yuko kwa kompyuta, kila mtu anaona picha moja tu: chumba kilicho juu ya duka, wasichana wamekaa mstari, wanataipu barua za watu. Beryl, binti wa jirani yangu, alisoma hivyo kule Kariobangi kwa miezi mitatu, akapata cheti na picha ya kuvaa joho. Mama yake ana upole fulani wenye pilipili. Aliwahi kuniuliza tukiwa tunafua, "Mama Nekesa, hiyo kompyuta ya Nekesa ni ndefu aje? Miaka yote hiyo na bado hajafika mwisho?"

Nilicheka. Mimi mwenyewe sikuwa nimeiona.

Ndipo nikamwambia Nekesa, nipeleke nikaone.

Mlangoni kwa chumba cha kompyuta viatu vilikuwa vimepangwa kama msikitini. Hakuna kuingia na viatu, eti vumbi linaua kompyuta. Mimi nilikuwa nimevaa soksi ndefu za kanisa, na ya kulia ina tundu kwa kidole kikubwa. Nilikunja hicho kidole muda wote niliokuwa mle ndani. Chumba chenyewe kina pazia zito na mashine ya kuleta ubaridi. Niliwaza, watoto wangu wote sita hawajawahi kulala mahali palipotunzwa hivi.

Nekesa akaandika namba. Kwenye kioo cheusi kikatokea kiduara cha kijani. Akaandika tena, likatokea duara lingine, na mistari ikaunganisha moja na lingine. Halafu akafanya kitu, ile picha ikainuka, ikalala ubavu, ikageuka mpaka nikaiona chini yake. Mimi mtu mzima nikainama kuangalia nyuma ya kompyuta.

"Mathe, hakuna kitu huko nyuma," akasema, na vijana wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. "Hii ni puli. Ya posho mill. Ile gurudumu inayozungushwa na mkanda."

Puli ya posho mill hiyo naijua. Nimesimama foleni mbele yake kusagiwa unga maisha yangu yote.

Kisha akanipeleka chini, kwenye karakana. Mashine yenyewe ni kubwa kama kabati la harusi, ina dirisha la kioo. Iko moja tu, na darasa zima linaingoja. Nekesa alinieleza kwamba ule mchoro unageuzwa kuwa amri. Songa hapa. Ingia ndani kiasi hiki. Rudi. Mashine inatii amri moja baada ya nyingine, wala haiulizi.

"Haina huruma, mathe. Ukiiambia uongo, inaufanya huo uongo."

Ndiyo maana wanaijaribu kwa kipande cha mti kwanza. Akanionyesha cha kwake cha kwanza, kimeliwa upande mmoja kama mahindi yaliyoingiliwa na panya. Alikuwa ameweka nukta mahali si pake ndani ya namba moja. Nukta! Kwa daftari langu mimi nukta naweka mahali popote mkono ukichoka.

Cha pili kilitoka vizuri. Kilichobaki ni cha chuma chenyewe. Chuo hakina chuma cha kuwapa, kwa hivyo tulienda wote wawili Kariobangi kwa wale wanaoyeyusha pistoni kuukuu na kumwaga alumini kwenye mchanga. Jamaa mmoja mwenye aproni ya ngozi akaniuliza, "Mathe, unatengenezewa sufuria?" Nikamwonyesha Nekesa. Nekesa akamtajia vipimo, upana na urefu, na akamwambia asiache mapovu ndani. Yule jamaa akapiga mluzi. "Huyu dada ameiva," akasema. Nililibeba lile donge kwenye kikapu changu cha sukuma, zito kama mtoto mchanga, na tangu siku hiyo liko chuoni linangoja.

Zamu yake ni kesho Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Fundi mwenye ufunguo wa karakana amesema wazi. Anayekosa zamu yake amekosa, kwa sababu muhula unaisha na mashine inafungwa. Bila puli hana alama za somo hilo. Bila alama, anarudia mwaka. Na vile chuo kinavyofungwa na kufunguliwa, nani anajua mwaka una miezi mingapi?

Basi Ijumaa shemeji akatuma neno kwamba atakuja Jumapili na habari njema.

Shemeji ni Mzee Simiyu, kaka mkubwa wa mume wangu. Ni tarishi katika ofisi moja mjini, na amevaa tai tangu kabla sijaolewa. Yeye ndiye aliyemtoa mume wangu nyumbani, akamlaza sakafuni kwake, akamtafutia kibarua kiwandani Industrial Area mpaka akaandikwa. Hii nyumba tuliipata kwa miguu yake akizunguka akituulizia. Simiyu akiingia, mume wangu huinuka kwenye kiti chake mwenyewe na kukaa kwenye stuli. Sijawahi kuona ubaya wowote katika hilo. Sasa hivi ninavyoandika bado sioni.

Nikachinja kuku. Shemeji haji kwako ukampa mboga.

Alikuja baada ya kanisa, akiwa amevaa koti. Akakaa, akapangusa miwani, akatangaza habari zake kama anayesoma matokeo ya mtihani. Karani wa bosi wake ameacha kazi. Bosi anataka msichana anayejua kompyuta, tena haraka. Simiyu akasema, ninaye.

"Nimemwambia mtoto wangu anajua kompyuta mpaka ile ya chuo kikuu. Bosi amesema nimlete kesho saa mbili."

Saa mbili. Saa ile ile.

Nekesa alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. "Asante baba mkubwa," akasema, "lakini mimi sisomi kutaipu. Hata kutaipu natumia vidole viwili."

"Kompyuta ni kompyuta. Dereva wa lori atashindwa na pikapu?"

Mume wangu akatabasamu kidogo, kwa sababu kusema kweli lilikuwa neno tamu. Hata mimi nilitaka kucheka.

"Baba mkubwa, kesho nina zamu ya mashine. Nikikosa narudia mwaka."

"Hurudii mwaka kama umeshaandikwa kazi. Msichana wa umri wako unangoja mashine. Mashine itakuoa?"

Hapo sikutaka kucheka tena.

Nekesa akamwangalia baba yake. Baba yake akaangalia viatu vyake. Kisha Nekesa akaniangalia mimi, na mimi nikageukia jikoni nikijidai kuna kitu kinachemka. Ndipo nikamsikia nyuma yangu akisema kwa sauti ndogo, "Nitafanya vile mtasema."

Nitaandika ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Nusu yangu ilitaka aende. Nilimwona na sketi ya marinda na mkoba, anarudi nyumbani Ijumaa jioni, Mama Beryl amefunga mdomo. Nilimwona mbali na ile mashine, kwa sababu naiogopa. Nimemwona mume wa jirani akirudi kutoka kiwandani bila vidole viwili. Tena naogopa kingine kikubwa zaidi, kwamba atasoma mpaka mwisho, na kule mwisho akute wanaume wamekaa wakimwuliza, wewe msichana, umekuja kuleta chai?

Karani analetewa chai. Hilo nalo nililiwaza.

Nikaingia jikoni kupakua. Nekesa akanifuata kuchukua jagi na beseni la kuwanawisha wageni mikono. Nilitegemea analia. Alikuwa halii. Alikuwa ameshika lile jagi, anangoja maji yajae, na midomo yake inacheza. Nikasogea. Alikuwa anahesabu. Anataja namba, anasema songa, anataja namba nyingine, anasema rudi, anatikisa kichwa, anaanza tena, kama vile watoto wa Sunday school wanavyokariri aya kabla ya kuitwa mbele.

Ametuambia atafanya vile tutasema, na kichwani bado anakata puli yake.

Maji yakamwagika na hakuona.

Nilimpokonya tu jagi nikalimwaga kidogo, nikamrudishia. Lakini ile nusu yangu iliyotaka aende ikanyamaza pale pale jikoni, na haijasema neno mpaka sasa.

Asiyetoka kwetu magharibi pengine hajui habari ya imondo. Ni firigisi ya kuku, kitu kidogo cha kutoshea kiganjani, lakini ndicho kinachosema nani ni nani ndani ya nyumba. Imondo ni ya mwenye nyumba. Kama kuna mgeni mwanamume aliye mkubwa kuliko mwenye nyumba, ni yake. Mwanamke anaichuna, anaiosha, anaipika, anaipeleka mezani, basi. Bibi yangu alipika kuku mpaka akafa na hakuwahi kuitia mdomoni. Mama yangu hivyo hivyo. Wanaume wa kwetu wamegombana mpaka wakatengana kwa sababu ya imondo iliyosahauliwa chini ya sufuria.

Nilipakua ugali. Nikaweka paja kubwa kwa sahani ya shemeji, na supu yake pembeni. Nikamwekea mume wangu paja la pili na kidari. Nikachukua sahani ya tatu, nikaweka ugali, shingo, bawa moja. Halafu imondo.

Nikazipeleka zote tatu mara moja, ile ya tatu kwa mkono wa kushoto kama mtu anayeiba. Mbele ya shemeji nikaweka yake. Mbele ya mume wangu yake. Nekesa alikuwa ameshawanawisha, anataka kurudi jikoni. Nikamwambia, "Kaa." Nikamwekea sahani yake mezani, si mapajani.

Simiyu alifumba macho akaomba baraka, akafumbua, akaitafuta imondo kwa kidole ndani ya sahani yake. Akainua paja, akaangalia chini yake. Akaangalia sahani ya mdogo wake. Kisha akaiona.

"Mama Nekesa," akasema taratibu, "umechanganya sahani."

"Sijachanganya, shemeji."

Simiyu akavua miwani.

"Unajua unachofanya?"

"Najua. Leo ina mwenyewe. Huyo kesho saa mbili ana kazi kubwa kuliko yetu sote hapa, na anayeenda kazi kubwa analishwa."

Simiyu akamgeukia mume wangu. "Wafula. Unamwona mke wako?"

Na hapo ndipo niliogopa. Shemeji nilijua atakasirika. Sikujua mume wangu atafanya nini. Miaka yote tuliyokaa pamoja sijawahi kumsikia akimwambia kaka yake neno la kupinga, hata kuhusu mvua. Aliiangalia ile sahani muda mrefu. Alimwangalia Nekesa, ambaye mikono yake ilikuwa chini ya meza na macho yamejaa. Akasugua goti lake, vile anavyofanya akitoka zamu ya usiku.

"Kula, mama," akamwambia binti yake.

Maneno mawili. Nekesa akaichukua, akaiuma. Ilikuwa ngumu kidogo, nafikiri niliitoa mapema. Alitafuna na machozi yanashuka, na sote watatu tukamtazama akitafuna mpaka akameza.

Simiyu akaweka mikono juu ya meza. Sasa alikuwa ameumia, haikuwa hasira tu, na hilo lilinichoma. "Basi mimi nimwambie nini bosi? Nimetoa neno langu. Kesho nisimame mbele yake nimwambie nini?"

"Mwambie ni mimi nimekataa. Mwambie mama ya msichana ni mama mboga, hana kisomo, hajui kitu. Ataelewa haraka sana."

"Na akifeli huko kwa mashine?"

"Akifeli, afeli akiwa amesimama mbele yake. Nekesa hasomi kutaipu, shemeji. Anasoma kuamuru chuma. Mimi nimeona kwa macho yangu. Wewe hujaona. Siku moja njoo nikupeleke, lakini uvae soksi nzima."

Mume wangu akakohoa ndani ya supu yake. Simiyu hakucheka. Alikula bila kuinua uso, akanawa, akavaa koti, akasema kwamba sasa tumekuwa watu wakubwa, tujitafutie wenyewe, tusimtafute. Akatoka. Paja alikuwa ameshalimaliza, lakini siandiki hivyo kwa ubaya. Ni kwamba nimefurahi hakuondoka na njaa.

Mume wangu alimsindikiza mpaka steji ya basi, akarudi peke yake akiwa amelowa manyunyu. Sijui walisemezana nini, na sikumwuliza. Alikaa kwenye kiti chake, akavua viatu, kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za maji, "Kesho anatakiwa kutoka hapa saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi na mbili, kabla barabara haijajaa.

"Nitachemsha maji mimi," akasema.

Habari hapa hazikai ndani. Nilipotoka kuosha sufuria, Mama Beryl alikuwa tayari bombani, ndoo yake imejaa zamani.

"Ati imondo?"

"Imondo."

"Kwa msichana?"

"Kwa msichana."

Nikangoja pilipili. Akaangalia huku na huku, akaniinamia sikioni. "Na ladha yake iko aje?"

"Muulize Nekesa. Mimi nitajuaje?"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega, wanawake wawili wazee tumesimama kwa matope. Halafu akaacha kucheka, akasema kwamba Beryl wake ana cheti na picha ya joho na bado yuko nyumbani, kwa hivyo kama Simiyu hatajali, ampelekee huyo bosi Beryl. Nikamwambia nitamtuma mume wangu akaseme. Pengine hiyo itampoza shemeji kidogo. Pengine haitampoza. Nitajaribu, kwa sababu ni mtu wetu, na sikutaka kumpoteza. Nilichokataa ni kumpa Nekesa.

Naogopa kweli. Naogopa stima kupotea kesho saa mbili na mashine kuzimika. Naogopa mapovu ndani ya alumini. Naogopa nukta. Naogopa nyumbani watakavyosema habari hii ikifika, na itafika kabla ya mwisho wa juma, tena ikiwa imeongezwa chumvi, na mama mkwe wangu atatuma niitwe. Nitakwenda. Nitakaa chini pale nitakapoonyeshwa, na nitajibu.

Nekesa anapiga pasi blauzi. Hajasema asante na sitaki aseme. Amenijia mara moja tu, akaniuliza kama najua kalamu yangu nyingine iko wapi, akakaa hapa pembeni yangu akaandika namba zake huku mimi naandika maneno yangu. Sijui ni nani kati yetu anayekosea zaidi.

Kukipambazuka, binti yangu anaenda karakana, na mimi namsindikiza. Atakayekutana nasi njiani akamwuliza anaenda wapi, nimemwambia Nekesa aniachie, nitajibu mimi.